Wahafidhina wa CCM tulinde kura ya mwanachama, si viti vya wakubwa

Kwa miaka 15 sasa Jimbo la Mbeya Mjini limekuwa likikifundisha Chama Cha Mapinduzi somo moja, na chama changu kimekuwa kikilisoma kinyumenyume. Mwaka 2010 Benson Mpesya, aliyekuwa mbunge tangu mwaka 2000, aliangushwa na Joseph Mbilinyi, maarufu kama Sugu, msanii wa hip hop aliyegombea kwa tiketi ya Chadema. Wapo waliosema huo ni upepo wa vijana na utapita. Haukupita. Mwaka 2015 CCM ilimsimamisha Sambwee Shitambala, wakili aliyewahi kuwa mwanachama wa Chadema, na Sugu akamshinda kwa zaidi ya kura mbili kwa moja. Halmashauri ya jiji nayo ikaangukia mikononi mwa upinzani. Mwaka 2020 jimbo lilirudi CCM kupitia Dk. Tulia Ackson, na tangu hapo anayeuliza nini kilitokea katika ile miaka kumi huambiwa asifukue makaburi. Nadhani makaburi hayo yanapaswa kufukuliwa. Kilichokiangusha chama katika maeneo ya jiji kama Mwanjelwa, Kabwe na Soweto hakikuwa kipaji cha Sugu jukwaani wala ujanja wa Chadema. Kiliangushwa na uziwi wake kwa mwanachama wa chini, na ushindi uliokuja baadaye haukuutibu uziwi huo. Umeufunika tu.

Naandika haya nikiwa upande wa wanaoitwa wahafidhina. Ninaamini katika chama chenye nidhamu, katika uamuzi unaopitia vikao, katika Muungano, na katika desturi za uongozi tulizoachiwa na TANU na ASP, vyama vilivyoungana kuunda CCM. Sina hamu ya kuona CCM iking'olewa, wala siamini kwamba kila kipya ni bora kuliko cha zamani. Kwa sababu hiyohiyo nasikitika kuona kwamba ndani ya chama leo anayeitwa mhafidhina ni yule anayemtetea aliye madarakani kwa kila afanyalo. Kazi yetu haikuwa hiyo. Dereva wa lori anayeshuka Mlima Nyoka akiwa na shehena ya kwenda Dar es Salaam hamshukuru Mungu kwa sababu ya kasi. Anamshukuru kwa sababu ya breki. Breki za CCM zilikuwa ni kikao cha shina kinachosikilizwa, kura ya maoni inayoheshimiwa, na mpinzani aliyeruhusiwa kusimama kwenye sanduku la kura. Mhafidhina anayeziacha zilegee, huku akishangilia mwendo, amekwisha kuacha uhafidhina.

Tuanzie kwenye desturi yenyewe, maana ndiyo tunayodai kuilinda. Januari 1962, wiki sita tu baada ya Uhuru, Mwalimu Julius Nyerere aliacha uwaziri mkuu, akamwachia Rashidi Kawawa, akaenda kukijenga chama mikoani. Kiongozi aliyekuwa na nchi nzima mkononi aliona kwamba serikali bila matawi hai itakuwa juu ya watu badala ya kuwa pamoja nao. Miaka mitatu baadaye nchi ilipoingia kwenye mfumo wa chama kimoja, TANU haikufuta ushindani. Katika uchaguzi wa 1965 majimbo mengi yalikuwa na wagombea wawili wa chama hichohicho, mmoja akiwa na alama ya jembe na mwingine nyumba, na wananchi wakaamua. Paul Bomani, Waziri wa Fedha, mmoja wa vigogo wa ushirika wa pamba na wa harakati za Uhuru, alishindwa huko Mwanza. Hakuna aliyesema wapiga kura wametumwa na maadui. Hivyo ndivyo ilivyokuwa hata pale ambapo hapakuwa na chama kingine: waziri alijua kuwa kuna siku atasimama mbele ya watu na wanaweza kumkataa. Ikiwa chama kimoja kiliweza kumudu ushindani ndani yake, inakuwaje chama hichohicho, katika mfumo wa vyama vingi, kiuogope?

Nyanda za Juu Kusini zina kumbukumbu yake chungu juu ya uongozi usiosikiliza. Februari 1971 TANU ilitoa Mwongozo ambao kifungu chake cha 15 kiliwakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu kwa wananchi. Siku ya Krismasi ya mwaka huohuo, huko Ismani, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, alipigwa risasi na kuuawa na mkulima, Said Mwamwindi, katika mgogoro uliozuka shambani wakati wa kampeni ya vijiji vya ujamaa. Mwamwindi alihukumiwa kunyongwa, na alistahili kushitakiwa, kwa kuwa hakuna hoja ya kisiasa inayohalalisha mauaji. Hata hivyo miezi michache baadaye, Mei 1972, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Iringa hiyohiyo na kutoa azimio la Siasa ni Kilimo, lililowataka viongozi wajifunze kilimo bora na kumsaidia mkulima kwa maarifa. Halikurekebisha kila kitu, maana kuhamishiwa vijijini kwa nguvu kuliendelea. Lakini kanuni iliyoandikwa mwaka 1971 na azimio lililofuata vinaonyesha kwamba hata chama kilichokuwa peke yake uwanjani kilifahamu kuwa amri isiyopita kwa watu huzaa hasira, na hasira haichagui siku.

Sasa tuje Mwanjelwa, kwenye siasa za kila siku. Kando ya barabara kuu iendayo Tunduma limesimama soko la ghorofa lililojengwa baada ya soko la zamani kuteketea kwa moto mwaka 2006. Ujenzi wake ulichukua miaka, ulitegemea mkopo wa benki, na lilipokamilika wafanyabiashara wadogo walilalamikia kodi ya vizimba na vyumba. Nje, pembezoni mwa barabara, juu ya turubai na magunia, biashara iliendelea kama kawaida: mikungu ya ndizi kutoka Tukuyu, sado za viazi na maharage, mchele wa Kyela na wa Usangu, parachichi, viatu vya mitumba. Wengine walihamia SIDO, na soko hilo nalo likaungua zaidi ya mara moja, ukiwamo moto mkubwa wa Agosti 2017. Kwa mama anayeuza viazi, mambo makubwa ya siasa ni haya: nani aliamua kodi ya kizimba, nani alipanga majina ya wanaopewa nafasi, nani atamjulisha kabla mgambo hawajafika asubuhi. Kama balozi wa shina hana jibu, diwani hapokei simu, na mbunge anaonekana wakati wa kampeni, mama huyo atampa sikio mtu wa kwanza atakayesema kwa sauti kile anachokiwaza yeye. Mwaka 2010 mtu huyo alikuwa Sugu.

Novemba 2011 hali hiyo ililipuka. Hatua ya kuwaondoa wamachinga barabarani ilizaa mapambano kati yao na polisi yaliyoendelea kwa siku mbili, jeshi likaingia mitaani, na aliyehitajika kuja kuzungumza na vijana watulie alikuwa mbunge wa upinzani. Lieleweke vizuri tukio hilo. CCM ilikuwa na serikali kuu, mkuu wa mkoa, mkuu wa wilaya, polisi, na mtandao wa mashina unaofika kila kona ya jiji. Lakini siku ya tatizo haikuwa na mtu hata mmoja ambaye vijana wa Mwanjelwa walimwamini kiasi cha kushusha mawe. Mamlaka yote yalikuwapo. Kilichokosekana kilikuwa imani. Mkakati wowote wa chama usioanza na swali la namna imani ile ilivyopotea ni mkakati wa mabango na fulana.

Iringa ilipitia njia inayofanana na hii. Mwaka 2010, katika kura za maoni za CCM Iringa Mjini, aliyeongoza alienguliwa kwa tuhuma za rushwa na jina la aliyemfuata, mbunge aliyekuwapo Monica Mbega, likarudishwa. Mchungaji Peter Msigwa wa Chadema akalichukua jimbo na kulishika kwa miaka kumi. Sisemi chama kilikosea kuchukia rushwa. Kupambana na rushwa ni jambo la kihafidhina kuliko yote. Kosa lilikuwa kwamba maelfu ya wanachama waliopiga kura walibaki na hisia kuwa uamuzi wao umefutwa Dodoma na hakuna aliyerudi kuwaeleza wala kuwaomba wachague upya. Mwaka mmoja kabla, katika uchaguzi mdogo wa Mbeya Vijijini wa Januari 2009, mgombea wa Chadema, Shitambala huyohuyo, alienguliwa kwa sababu ya kasoro ya kiapo katika fomu yake. CCM ilipata kiti. Miezi 21 baadaye, katika jimbo la jirani, Mbeya Mjini, ikapoteza kiti kikubwa zaidi. Ushindi wa mezani haukuongeza mapenzi ya watu kwa chama hata kidogo.

Hapo ndipo chama kiliposoma somo kinyumenyume. Badala ya kukarabati tawi, tulijifunza kupunguza wapinzani. Mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa mwaka 2016 na zuio likadumu hadi Januari 2023, Rais Samia Suluhu Hassan alipoliondoa. Ndani ya miaka hiyo, mwaka 2018, Sugu, mbunge wetu wakati huo, alifungwa kwa maneno aliyoyasema jukwaani. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2019 Chadema ilijitoa ikilalamikia kuenguliwa kwa wagombea wake, na CCM ikatangazwa kushinda karibu mitaa na vijiji vyote. Mwaka 2024 matokeo yakawa yaleyale, vijiji 99 katika kila 100. Mwaka 2025 Chadema haikuwamo kwenye uchaguzi mkuu baada ya kukataa kusaini maadili ya uchaguzi, mgombea urais wa ACT-Wazalendo alienguliwa, na Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ikatangaza ushindi wa asilimia 97.66. Yeyote anayekipenda chama hiki anapaswa kukosa usingizi kwa sababu ya namba hiyo. Jakaya Kikwete alipata zaidi ya asilimia 80 mwaka 2005 na asilimia 61 hivi mwaka 2010; John Magufuli alipata asilimia 58 mwaka 2015. Zile namba za kushuka zilikuwa taarifa. Zilikiambia chama wapi kinaumwa. Asilimia 97 haikiambii kitu.

Najua jibu la wenzangu: ushindi ni ushindi, na chama kinachotawala tangu Uhuru hakihitaji ushauri wa namna ya kushinda. Nawaomba wavuke mpaka wa Tunduma, mwendo wa saa chache kutoka hapa Mbeya. UNIP ya Kenneth Kaunda iliitawala Zambia miaka 27, na katika miaka ya chama kimoja Kaunda alikuwa mgombea pekee anayepigiwa kura ya ndiyo au hapana, akishinda kwa asilimia kubwa kila mara. Mwaka 1991 watu walipopata chaguo la pili, Frederick Chiluba alizoa robo tatu ya kura, na leo UNIP ni jina katika vitabu vya historia. Nchini Kenya, KANU ilishinda chaguzi mbili za vyama vingi, kisha mwaka 2002 Rais Daniel arap Moi akamchagulia chama mrithi, Uhuru Kenyatta. Vigogo waliopuuzwa wakatoka, wakaungana na Mwai Kibaki, na KANU ikaanguka kwa kishindo, wala haijainuka mpaka sasa. Botswana, nchi iliyosifiwa kwa utulivu, iliona chama cha BDP kikitoka madarakani mwaka 2024 baada ya miaka 58, kikiambulia viti vinne vya kuchaguliwa. Vyama hivi vyote vilikuwa na serikali, fedha na historia ya ukombozi. Viliviamini vitu hivyo kuliko vilivyowaamini wanachama wao, na siku ya hukumu havikuwa na mtu wa kuvitetea mtaani.

Wapo wenye hoja nyingine, na ni hoja nzito: wananchi hawali vikao, wanataka barabara, maji na hospitali, na CCM inavileta. Ni kweli. Njia nne zinazojengwa kati ya Nsalaga na Songwe zitawaokolea watu wa jiji hili muda na maisha, na atakayezibeza hajawahi kukwama kwenye foleni ya malori pale Mafiat. Lakini miradi haijawahi kuwa mbadala wa kusikilizwa. Uwanja wa ndege wa Songwe ulianza kutumika Desemba 2012, mradi mkubwa kuliko yote iliyowahi kufika Mbeya kwa miaka mingi. Katika uchaguzi uliofuata CCM ilishindwa kwa tofauti kubwa kuliko ya awali. Mpiga kura anajua kwamba barabara inajengwa kwa kodi yake na kwa mkopo atakaoulipa yeye na watoto wake. Anashukuru, lakini hajioni ana deni. Vivyo hivyo kwa misaada ya viongozi: nyumba aliyojengewa bibi asiyejiweza ni sadaka njema, na Mungu humlipa mtoaji. Ila sadaka hujenga jina la mtu, na mtu akihama jimbo jina linahama naye. Tawi hubaki palepale likiwa na kufuli mlangoni.

Hoja ya tatu inahusu rushwa na makundi. Wanasema tukiachia ushindani wa ndani, wenye fedha watanunua kura za maoni na chama kitapasuka. Hofu hii ina msingi, kwani makundi ya mwaka 2015, wana-CCM wapata 40 walipochukua fomu za urais na jina la Edward Lowassa likakatwa, yalikiumiza chama vibaya, na Lowassa akaondoka na kupata karibu asilimia 40 ya kura kupitia Chadema. Lakini tukumbuke pia mwaka 1995. Mkutano Mkuu ule ulipiga kura ya siri kati ya Benjamin Mkapa, Jakaya Kikwete na Cleopa Msuya. Kikwete akaongoza mzunguko wa kwanza, Mkapa akashinda wa pili, na Kikwete akakubali, akatumikia, akasubiri zamu yake miaka kumi. Ushindani ulioisha kwa kura inayoonekana ulizaa utii. Ukataji wa majina usioelezwa ulizaa uhamaji. Kuhusu fedha, hesabu ni rahisi: kuwanunua wajumbe mia chache waliokusanyika ukumbi mmoja ni rahisi kuliko kuwanunua wanachama elfu kumi waliotawanyika katika matawi yao. Mwaka 2010 na 2015 wanachama wote walipiga kura za maoni. Mwaka 2020 tukarudi kwa wajumbe. Mwaka 2025 wigo wa wajumbe ulipanuliwa, na hiyo ni hatua njema, lakini kalamu ya mwisho bado ina nguvu kuliko sanduku la kura.

Mgumu kuliko wote ni wito wa utii. Mhafidhina, wanasema, hamkosoi Mwenyekiti. Nami nauliza: Mwalimu alikuwa nani? Mwaka 1994 alichapisha kitabu, Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania, akimkosoa hadharani Waziri Mkuu John Malecela na Katibu Mkuu wa CCM Horace Kolimba, viongozi wa chama alichokiasisi mwenyewe, kwa namna walivyolishughulikia suala la kuwa na serikali ya Tanganyika ndani ya Muungano. Kolimba naye, mbunge wa Ludewa iliyokuwa Mkoa wa Iringa wakati huo, alikuja kusema mwaka 1997 kwamba CCM imepoteza dira. Aliitwa kujieleza mbele ya kikao Dodoma, akaugua ghafla na kufariki Machi mwaka huo. Chama kilimzika mtu. Hoja yake haijapata jibu hadi leo. Nakubali kwamba desturi ya kumpa rais aliyeko madarakani nafasi ya muhula wa pili ni desturi yetu, na mwaka 1990, 2000 na 2010 ilifuatwa. Lakini desturi hiyo ina taratibu zake: kuna wakati wa fomu, kuna wadhamini, kuna vikao vya kupokea na kujadili. Januari 2025 Mkutano Mkuu Maalumu Dodoma ulipitisha jina la mgombea kabla ya yote hayo. Kama jina lingepita kwa vyovyote vile, kulikuwa na haraka gani ya kuiruka njia? Mhafidhina anaijali njia hata pale anapokubaliana na mwisho wa safari.

Yupo atakayesema kwamba kufungua milango kutavuruga amani. Taifa letu limekwisha kulipima swali hili. Tume ya Jaji Francis Nyalali ilikuta takriban asilimia 80 ya waliohojiwa wanataka chama kimoja kiendelee, na bado ikapendekeza vyama vingi, naye Mwalimu akaunga mkono kwa hoja kwamba wachache wakinyimwa nafasi halali watatafuta nyingine. Oktoba 29, 2025 tuliona maana ya onyo hilo. Siku ya uchaguzi, Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Mbeya na miji mingine iliingia katika maandamano na vurugu, intaneti ikazimwa, watu wakapoteza maisha, na serikali ikaunda tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Kuchoma mali ya umma ni uhalifu na sitautetea. Kupotea kwa uhai wa raia siku ya kupiga kura ni msiba wa taifa, na kila mzazi aliyezika mtoto anastahili jibu la kweli kutoka kwa waliopewa dhamana. Lakini yeyote anayedhani amani ile ilivunjwa na ushindani aangalie karatasi ya kura ya siku ile. Ushindani haukuwamo.

Simaanishi kwamba upinzani ni malaika. Mei 2024 Sugu alimshinda Msigwa katika uchaguzi wa mwenyekiti wa Kanda ya Nyasa wa Chadema kwa tofauti ndogo mno, na mwezi uliofuata Msigwa akahamia CCM. Chama ambacho kiongozi wake hawezi kuvumilia kushindwa ndani kina ugonjwa wake. Hata hivyo Januari 2025, siku chache baada ya Mkutano Mkuu wetu kupitisha jina bila kinyang'anyiro, Tundu Lissu alimshinda Freeman Mbowe, mwenyekiti wa zaidi ya miaka 20, kwa kura 513 dhidi ya 482, hesabu ikatangazwa hadharani na Mbowe akaikubali. Inaniuma kuandika kwamba desturi niliyofundishwa kuwa ni ya TANU ilionekana siku ile kwenye ukumbi wa wapinzani wetu. Nasi tuliofurahia kumpokea Msigwa kwa shangwe tujiulize: mwanachama wa CCM aliyetembea kata kwa kata akimpinga kwa miaka kumi aliulizwa na nani? Kukusanya wahamiaji ni mkakati wa mwaka mmoja. Kulea kiongozi kutoka tawini ni mkakati wa kizazi.

Kwa hiyo napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja lililo jipya. Kwanza, kura za maoni za ubunge na udiwani zirudi kwa wanachama wote, na jina la aliyeongoza lisikatwe ila kwa sababu mahsusi inayosomwa mbele ya mkutano wa jimbo, pamoja na nafasi ya kukata rufaa na wanachama kupiga kura upya. Pili, kikao cha shina kiwe na daftari, na malalamiko yaliyoandikwa humo yajibiwe kwa maandishi na kata ndani ya muda uliowekwa. Balozi asibaki mtu wa kukusanya watu wa kujaza uwanja wa Ruanda-Nzovwe kiongozi anapokuja. Tatu, masharti ya uongozi ya Azimio la Arusha, yaliyolegezwa Zanzibar mwaka 1991, yajadiliwe upya angalau katika jambo moja: mwanachama wa tawi ajue kiongozi wake anamiliki nini. Nne, chama kiseme wazi kwamba hakitaki ushindi wa kupita bila kupingwa, na kiwakemee watendaji wanaodhani wanakipendelea kwa kumnyima mpinzani fomu. Mtendaji wa namna hiyo anakiharibia chama jina, na lawama inatua kwa balozi anayeishi na majirani zake mwaka mzima.

Mwaka 2027 CCM itafanya uchaguzi wake wa ndani kuanzia shina hadi taifa, na Februari 5 ya mwaka huo chama kitatimiza miaka 50. Sherehe zitakuwapo, na magwaride, na hotuba ndefu. Nawaomba wana-CCM wa Mbeya na Iringa, hasa wenzangu tunaojiita walinzi wa misingi, tusiupoteze mwaka huo kwa kupanga safu za watu. Tugombee katika mashina, tudai kura ya siri, tuhesabu mbele ya wote, na anayeshinda tumpe mkono hata kama si wetu. Chama kilichoasisiwa na watu walioweza kumwambia Waziri wa Fedha arudi nyumbani hakiwezi kuhifadhiwa na watu wanaoogopa kuhesabu kura. Tukishindwa kuifanya kazi hiyo wenyewe, wapiga kura wa Mwanjelwa wataifanya kwa niaba yetu, kama walivyoifanya mwaka 2010.